Usingizi wa Mtoto Huanzia Asubuhi

Katika nyumba nyingi za Iringa mjini, iwe Kihesa au Ipogolo, mvutano wa kulala huanza taarifa ya habari ya saa 2 usiku inapokaribia kwisha. Mtoto wa miaka mitatu anaambiwa akalale, na papo hapo anashikwa na kiu. Akipewa maji, mkojo unambana. Akitoka msalani anakumbuka kwamba bibi wa Kilolo hajasalimiwa kwenye simu, na akilazwa kwa nguvu anachomoka kitandani kabla hujafika sebuleni. Mzazi aliyechoka husikia kiburi katika kila ombi, na kwa kuwa amesikia kiburi, hutumia dawa ya kiburi: sauti ya ukali, fimbo, au zimwi linalosubiri nyuma ya nyumba. Mwongozo huu unakuomba uanzie pengine. Mara nyingi mtoto mdogo anayekataa kulala anasema kweli tupu, yaani usingizi hana. Sababu za kukosa usingizi saa 2 usiku zilishapangwa tangu alfajiri: aliamka saa ngapi, alilala mchana mpaka saa ngapi, alikunywa nini jioni, na ni mwanga gani unaompiga usoni wakati huu unapomwambia alale. Hizo ndizo za kushughulikia kwanza, na adabu utaikuta imebaki na kazi ndogo kuliko ulivyodhani.

Mwaka 1982 mtafiti wa Zurich, Alexander Borbély, alieleza usingizi kama kazi ya nguvu mbili, na maelezo yake bado yanatumika. Nguvu ya kwanza ni mzigo unaoongezeka kadiri mtu anavyokaa macho. Kila saa ya kuwa macho huongeza uzito wake, na kila usingizi, hata wa nusu saa mgongoni mwa dada, huupunguza. Nguvu ya pili ni saa ya mwili, ambayo huamriwa zaidi na mwanga. Giza likiingia, ubongo huanza kumwaga homoni iitwayo melatonini inayoutangazia mwili kwamba usiku umefika. Usingizi huja kwa urahisi pale mzigo umeshakuwa mkubwa na tangazo limeshatolewa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walipima melatonini ya watoto 14 wenye miezi 30 hadi 36. Kwa wastani homoni hiyo ilianza kupanda saa 1:40 usiku, lakini watoto walitofautiana, na wale ambao yao ilichelewa, huku wazazi wakiwalaza mapema, ndio waliochukua muda mrefu kupata usingizi na ndio waliosumbua zaidi kulala. Mtoto wa namna hiyo amelazwa kabla mwili wake haujafika usiku. Hata mtu mzima ukimlaza saa 11 jioni atatafuta kisingizio cha kunywa maji.

Sasa tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13. Wazazi wengi hupitiwa na jambo moja: saa hizo ni za siku nzima, usingizi wa mchana ukiwemo. Chukua mtoto wa miaka mitatu ambaye mwili wake unatosheka na saa 11. Analala mchana kuanzia saa 9 mpaka saa 11 jioni, na asubuhi huamka saa 1. Zimebaki saa tisa za kulala usiku. Rudi nyuma saa tisa kutoka saa 1 asubuhi, utaikuta saa 4 usiku. Ukimpeleka kitandani saa 2 umejipa mwenyewe saa mbili za ugomvi, na hakuna fimbo itakayobadilisha hesabu hiyo.

Upo pia usingizi mwingine wa mchana ambao hauitwi hivyo, nao ndio unaoharibu usiku wa nyumba nyingi kuliko kitu kingine chochote. Ni ule wa saa 12 jioni. Mtoto ana njaa, ugali bado, moshi na joto la jikoni vinambembeleza, analala kwenye mkeka. Saa 3 usiku chakula kinaiva, anaamshwa ale, na sasa ameshapunguza mzigo wake wote. Atakesha mpaka saa 5. Wengine humwacha alale moja kwa moja bila kula, na hilo ni baya zaidi, hasa kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliukuta mkoa wa Iringa ukiongoza nchi kwa udumavu, asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30, ingawa mashamba yetu yanalisha mikoa mingine. Mlo wa jioni wa mtoto si kitu cha kutoa sadaka ili nyumba itulie. Kwa hiyo chakula chake kitangulie. Kama familia hula saa 3, yeye ale saa 12 na nusu au saa 1: uji mzito wenye karanga, viazi, maharage ya mchana yaliyopashwa, chochote cha kushiba, bila kungoja sufuria kubwa ishuke. Watu wazima watakula baadaye kwa amani.

Kabla ya kubadilisha lolote, chukua daftari na uandike kwa siku saba: ameamka saa ngapi, amelala mchana kuanzia lini mpaka lini, na usiku amepitiwa na usingizi saa ngapi hasa, siyo saa uliyomwambia alale. Jumlisha, kisha gawanya kwa saba. Hapo utajua mtoto wako ni wa saa ngapi, maana wa jirani yawezekana ni wa 13 na wako wa 10, na wote wazima. Halafu uitengeneze asubuhi. Saa ya kuamka iwe moja kila siku, Jumapili ikiwemo, kwa sababu unaweza kumwamsha mtoto kwa amri lakini kumlaza kwa amri huwezi. Akishaamka mtoe nje kwenye mwanga, hata kama ni kumpeleka uani kuwapa kuku pumba. Mwanga wa asubuhi huiwahisha saa ya mwili, na jioni melatonini nayo itawahi. Mwezi wa Julai Iringa jua huchomoza karibu saa 1 kasoro, baridi ikiwa kali, na kishawishi cha kumwacha chini ya blanketi mpaka saa 3 ni kikubwa. Ujue tu kwamba unauchangamsha usiku unaokuja. Usingizi wa mchana, kwa anayeuhitaji bado, uanze baada ya chakula cha mchana na uishe saa 9 alasiri. Watoto wengi huuacha wenyewe kati ya miaka 3 na 5. Dalili ni kwamba siku asipolala mchana, jioni anabaki mchangamfu na usiku analala bila hadithi ndefu.

Kuna jambo la kwetu ambalo miongozo iliyoandikwa mbali haitalitaja. Mufindi ni nchi ya chai, na katika mkoa huu chai ya rangi ni kinywaji cha nyumba, asubuhi na jioni, kwa mkubwa na kwa mdogo. Kikombe kikubwa cha chai ya majani huwa na miligramu 30 hadi 50 za kafeini. Kafeini huziba zile njia ambazo ubongo hutumia kuusikia mzigo wa usingizi, kwa hiyo mzigo upo lakini mtoto hausikii. Kwa mtu mzima huchukua takriban saa tano kupunguza nusu ya kafeini aliyokunywa, na kikombe hicho kinaingia katika mwili wa kilo 14 badala ya 60. Mtoto aliyekunywa chai na andazi saa 11 jioni ameshapewa sababu ya kukesha, na aliyempa ndiye atakayemgombeza. Badilisha: maziwa, uji, au maji ya moto yenye mchaichai, ambao pamoja na jina lake hauna kafeini. Soda za kola zinaingia katika kundi la chai. Mabadiliko haya ndiyo rahisi kuliko yote, na ningeanza nayo leo jioni.

Mwanga wa usiku unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu umeingia nyumbani ukiwa umevaa sura ya maendeleo. Mwaka 2018 watafiti wale wale wa Colorado waliwaweka watoto 10 wa miaka 3 hadi 5 kwenye mwanga mkali kwa saa moja kabla ya kulala. Melatonini yao ilishuka kwa asilimia 88, na hata dakika 50 baada ya mwanga kuzimwa ilikuwa bado haijarudi. Ni watoto wachache, na mwanga ule ulikuwa mkali kuliko wa sebule nyingi. Hata hivyo jicho la mtoto lina mboni pana na lenzi safi kuliko letu, kwa hiyo mwanga unaotuachia sisi kusinzia unaweza kumwamsha yeye. Katika Iringa jua huzama kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 1 na dakika chache usiku, mwaka mzima. Asili imetupa machweo ya mapema na yasiyobadilika sana, jambo ambalo mzazi wa Ulaya kaskazini, mwenye jua la saa 4 usiku mwezi Juni, angelipia fedha. Tunaliharibu kwa taa nyeupe ya dari, runinga yenye tamthilia, na simu yenye katuni iliyoshikwa sentimita 20 kutoka usoni. Simu ina ubaya wa mara mbili, maana katuni moja ikiisha nyingine imeshaanza, na hakuna mahali ambapo hadithi inafika mwisho ili mtoto akubali kuachia. Kuanzia saa 1 usiku simu isiwe mkononi mwake, na taa anayokaa nayo iwe moja, hafifu, ya chini.

Baridi nayo ina neno lake, japo si mkoa mzima: wa Pawaga huhangaika na joto na mbu wakati wa Mafinga amevaa sweta mbili. Mwili huingia usingizini ukiwa unapunguza joto la ndani, na huupunguza kwa kupeleka damu mikononi na miguuni. Mtoto mwenye miguu ya barafu hawezi kufanya hivyo upesi. Ndiyo maana kuoga maji ya moto mapema jioni, au walau kutumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kuikausha vizuri na kuivisha soksi, ni msaada wa kweli. Blanketi lianikwe juani mchana. Ila jiko la mkaa lisiingie chumbani kwa sababu yoyote, hata likiwa limebaki majivu mekundu. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Kama chumba ni cha baridi, mtoto alale katikati ya ndugu zake.

Baada ya asubuhi, chai na taa kurekebishwa, ndipo utaratibu wa kulala unapofaa. Mwaka 2009 Jodi Mindell na wenzake waliwafuatilia akina mama 405 na watoto wao kwa wiki tatu. Waliopewa utaratibu wa kila usiku, kuoga, kupakwa mafuta, kisha mambo ya utulivu, waliona watoto wakilala upesi zaidi na kuamka mara chache. Utafiti huo ulifadhiliwa na kampuni inayouza sabuni na mafuta ya watoto, kwa hiyo usikimbilie dukani. Faida, kwa maoni yangu, iko kwenye mfuatano na haimo kwenye chupa. Mfuatano wenyewe uwe mfupi, nusu saa inatosha: kula, miguu, msalani, kitandani, hadithi, taa. Hadithi isimuliwe gizani au kwenye mwanga hafifu, kwa sauti inayoshuka, na iwe ile ile usiku mwingi mfululizo. Mtu mzima anachoka na sungura na fisi wa jana, lakini mtoto anapumzishwa na kujua kinachofuata. Kama bibi yupo na anasimulia kwa Kihehe, mwachie kazi hiyo. Ataifanya vizuri kuliko katuni.

Vipi kuhusu mtoto ambaye ameshazoea kukesha mpaka saa 4? Usimvute kwa mkupuo. Anza kumlaza saa ile ambayo daftari limekuonyesha kwamba hulala kweli, hata kama ni saa 4 kasoro robo, ili kitanda kiache kuwa uwanja wa mapambano. Akishapata usingizi upesi kwa usiku tatu au nne, rudisha nyuma robo saa. Rudia hivyo. Ni wiki tatu hadi nne za subira, huku saa ya kuamka ikibaki pale pale. Na kwa yule wa kiu na mkojo na salamu za bibi, ipo mbinu aliyoijaribu Patrick Friman na wenzake Marekani mwaka 1999, ikapimwa tena mwaka 2007 kwa watoto wa miaka 3 hadi 6 na kufaulu: mtoto anapewa kadi moja kila usiku, ambayo ni kibali cha ombi moja. Akiomba maji, anapewa, kadi inachukuliwa. Baada ya hapo akitoka anarudishwa kimya, bila hotuba. Kipande cha boksi chenye picha ya kikombe kinatosha. Wengine hulala nacho mkononi bila kukitumia, huenda kwa sababu kilichowasumbua kilikuwa hofu ya kukataliwa. Siku mbili tatu za kwanza vilio vinaweza kuongezeka. Ukikubali baada ya nusu saa ya kulia, umemfundisha kwamba bei ni nusu saa. Afadhali ukubali mapema, au usikubali kabisa.

Wapo watakaosema haya ni ya wenye nyumba za vyumba vinne. Sisi tuna chumba na sebule, runinga iko futi sita kutoka kitandani. Ni pingamizi la haki, lakini usingizi hauhitaji chumba cha peke yake. Unahitaji giza na sauti ndogo, na khanga mbili zilizotundikwa kwenye kamba hutoa giza la kutosha. Sauti ya runinga inaweza kushuka kuanzia saa 2. Wala hakuna katika hoja hii kinachodai mtoto alale peke yake. Kulala na mama au ndugu ni desturi yetu na mtoto wa miaka mitatu hadhuriki nayo. Tahadhari ni kwa mtoto mchanga, ambaye hapaswi kulala kitanda kimoja na mtu aliyekunywa ulanzi au kileo kingine. Pingamizi la pili ni la baba, au mama, anayefunga duka na kurudi saa 3 usiku: asipomkuta mtoto macho atamwona lini? Amwone asubuhi. Yeye ndiye amwamshe, amtoe nje kwenye mwanga, ampeleke kwenye basi la shule. Nusu saa hiyo inajenga saa ya mwili, wakati nusu saa ya kurushwa juu kwa furaha saa 3 usiku inaibomoa.

Pingamizi la tatu ni la wazee, na ndilo linalonivutia zaidi: zamani hatukuwa na saa wala daftari, watoto walilala na kuku, wakakua. Ushahidi tulionao hauungi mkono sana habari ya kuku. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, wasiotegemea umeme, walipimwa pamoja na jamii mbili za Namibia na Bolivia katika utafiti wa mwaka 2015, na watu wazima walipitiwa na usingizi zaidi ya saa tatu baada ya jua kuzama. Utafiti mwingine wa mwaka 2017 uliwafuatilia Wahadzabe 33 kwa siku 20, na muda ambao wote walikuwa usingizini kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Watu walikaa motoni, wakaongea, mmoja akasinzia, mwingine akaamka. Katika maisha hayo mtoto huanguka usingizini popote palipo na mapaja, na hapana haja ya kumlaza saa fulani kwa sababu hapana basi la shule saa 12 asubuhi. Tulichobadilisha sisi ni asubuhi. Tumeifanya kuwa ngumu kama chuma, kisha tukauacha usiku ulegee kama zamani na kuongeza taa. Mtoto wa miaka mitano anayeamshwa saa 11 alfajiri, akihitaji saa 10, angepaswa kuwa usingizini saa 1 usiku. Kama hilo haliwezekani kwako, basi usiuondoe usingizi wake wa mchana baada ya shule, na uliza kama ipo shule ya karibu zaidi ambayo basi lake haliwazungushi watoto mji mzima gizani. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2013 kwa watoto zaidi ya 10,000 wa miaka saba ulionyesha kwamba wasio na saa maalumu ya kulala walikuwa na matatizo zaidi ya tabia, na waliopata saa maalumu baadaye walibadilika kuwa wazuri. Huenda kiburi cha mchana ni deni la usiku.

Fimbo na zimwi tuviseme kwa kifupi. Vyote viwili huongeza mapigo ya moyo na kuamsha mwili kujihami, na mwili unaojihami haulali. Zimwi lina kasoro nyingine: umeliweka nyuma ya nyumba, halafu unamtaka mtoto afumbe macho.

Ikiwa umerekebisha yote kwa mwezi mzima na bado halali, tazama mwili. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayekata pumzi usingizini au kulala kichwa kikiwa nyuma, apelekwe kituo cha afya, kwani mafindofindo au nyama za nyuma ya pua zinaweza kuwa zimeziba njia ya hewa. Anayejikuna sehemu ya haja kubwa usiku ana uwezekano wa minyoo, ambayo hutaga mayai usiku. Anayejikuna mwili mzima, kagua godoro kwa kunguni na ngozi kwa upele. Miguu isiyotulia huweza kutokana na upungufu wa madini ya chuma. Usimpe piritoni wala dawa ya kikohozi ili alale. Inaweza kumlevya kupita kiasi, na kwa baadhi ya watoto hufanya kinyume, ikawakesha.

Utaratibu utavunjika, hasa likizo ya Desemba mtoto akienda kijijini kwa bibi, ambako atalala saa 4 akisikiliza mazungumzo ya wakubwa, na hakuna sababu ya kumnyima hilo. Shule ikifunguliwa Jumatatu ya Januari, anza kumwamsha saa ya shule tangu Alhamisi iliyotangulia, umtoe uani, umnyime chai ya jioni. Jumapili usiku atakuwa amesinzia kabla hujamaliza kumkausha miguu.